Daktari wa Simu: Nani Anapaswa Kujibu Maswali ya Ufipa?

Nikirudi Ufipa wakati wa likizo huitwa Daktari, na jina hilo huniletea wagonjwa wa aina mbili. Wa kwanza huja na kifua au goti, nami huwaelekeza hospitali ya mkoa pale Sumbawanga, kwa kuwa shahada ya uzamivu haitibu mtu. Wa pili huja na simu. Hawa sina pa kuwaelekeza. Fundi wa stendi atabadilisha kioo au betri. Wakala atauza vocha na kutoa fedha. Lakini swali linaloanza na "kwa nini" halina dirisha la kulipokea, tangu Laela hadi Namanyere. Kwa hiyo hukaa nikajibu. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, na nimefikia hitimisho ninalotaka kulijadili na wasomaji wangu: maswali haya tunayoyaita madogo, ya watu tunaodai "hawajui teknolojia", ni maswali ya uraia. Kila moja lina majibu mawili. Jibu la kwanza limo ndani ya simu. La pili limo katika uamuzi wa mtu fulani aliye mbali na simu hiyo.

Swali linaloongoza ni la bando. "Nimenunua jana, leo limekwisha, wala sijalitumia." Jibu la kwanza ni rahisi. Simu janja hufanya kazi hata mwenyewe akiwa shambani: WhatsApp huweza kupakua picha na video za makundi bila kuulizwa, programu hujisasisha zenyewe, na video za Facebook huanza kucheza mara kidole kinapozipitia. Ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa moja kwa moja, ruhusu programu zijisasishe kwenye Wi-Fi peke yake, na uzime data usiku. Bando litadumu zaidi. Wengi huridhika hapo na kwenda zao.

Jibu la pili ni kwamba bei na muda wa bando si hali ya hewa. Tarehe 2 Aprili 2021 Watanzania waliamka wakakuta vifurushi vimebadilika chini ya utaratibu mpya, fedha ileile ikinunua data kidogo zaidi. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali iliagiza bei za awali zirudi. Tukio lile lilitufundisha jambo ambalo mihadhara yangu ya uchumi wa siasa haijawahi kulifundisha vizuri kiasi hicho: kilichopangwa na watu kinaweza kupanguliwa na watu, mradi wajue nani amekipanga.

Swali la pili ni la simu bandia. Mnunuzi ameuza maharage, ameingia mjini, ameuziwa simu yenye jina kubwa kwa bei ndogo, na sasa ana wasiwasi. Humwambia abonyeze *#06#, apate namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, kisha aitume kwa ujumbe kwenda 15090 ili aletewe jina la kampuni na aina ya simu. Lisipolingana na lile lililoandikwa mgongoni, ameibiwa. Ni huduma nzuri ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nami huisifu. Hata hivyo, tukumbuke Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini kote. Bidhaa hizo zilikuwa zimepita bandarini na mipakani, zikapita katika maghala na katika maduka yenye leseni. Aliyeziingiza alikwisha kupokea fedha yake. Aliyebaki na kipande cha plastiki mkononi ni mtu wa mwisho kabisa katika mnyororo ule, mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kutambua ubandia. Tulimpa mnyonge kazi ya mkaguzi, kisha tukamwadhibu kwa kushindwa kuifanya.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma kama mtu wa Rukwa. Ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimeutaja mkoa wetu mara kadhaa, pamoja na Morogoro, kuwa miongoni mwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Ule ujumbe maarufu, "ile hela itume kwenye namba hii", ambao msomaji wangu aliyeko Dodoma au Tanga ameupokea pengine wiki hii, una uwezekano wa kuwa umetoka kwetu. Ufipa ilikuwa na sifa mbaya kabla ya hapo. Jina lenyewe la Sumbawanga hufafanuliwa kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, lakini nchi nzima imelisikia kinyume, na mtumishi anayepangiwa kazi huku bado hupewa pole na wenzake. Sasa tumeongezewa sifa ya pili. Mwanafunzi wangu mmoja alinieleza kwamba alipotaja mkoa wake katika bweni, wenzake walificha simu kwa mzaha. Alicheka pamoja nao. Aliponisimulia hakuwa anacheka.

Siwatetei walaghai. Wanaiba ada za watoto na fedha za dawa, na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 iwafikie. Ninachouliza ni hiki: laini wanazitoa wapi? Mei 2019 tulianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na tarehe 20 Januari 2020 ikawa siku ya mwisho. Tuliambiwa kwamba utaratibu huo ungewatoa walaghai gizani. Mama yangu mdogo alirudishwa mara tatu kwa sababu mashine haikusoma vidole vyake. Miaka mingi ya mpini wa jembe imevisugua vikawa laini kama kokoto ya mtoni. Mara ya nne akaambiwa, "Mama, bonyeza tena, haijasoma. Tena. Na tena." Alirudi na laini moja. Mwaka jana nilipombonyezea *106#, huduma inayoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, tulikuta namba tatu. Mbili hazijui. Kama mojawapo imetumika kumwibia mtu Kigoma, kwenye kumbukumbu za Serikali mlaghai ni mwanamke wa miaka 68 ambaye hajui kuandika ujumbe.

"Sasa mwanangu," aliniuliza, "wao wamechukua dole langu. Mimi nimechukua nini chao?"

Nilimsindikiza kwenda kuzifunga zile namba mbili. Swali lake sikuweza kulifunga. Mwananchi ametoa alama za vidole, jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Hakupewa hata karatasi inayosema nani alimsajili, siku gani na mara ngapi. Ulinzi wake unategemea yeye mwenyewe kujua kwamba ipo *106#, na kwamba ujumbe wa ulaghai hupelekwa 15040. Kwa maneno mengine, unategemea awe na mpwa mwenye shahada.

Swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini, na waulizaji wake ni watumishi wa umma. Mwalimu wa bonde la Rukwa, ambaye simtaji wala shule yake, alikopa shilingi laki moja kupitia programu ya simu, kwa kuwa mwezi ulikuwa katikati na mtoto alikuwa anaumwa. Wakati wa kuipakua, programu iliomba ruhusa ya kusoma orodha yake ya namba, naye akaikubali kama sote tunavyokubali. Alipochelewa kulipa kwa siku nne, ujumbe ulikwenda kwa mkuu wake wa shule, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa padri wa parokia na kwa mama mkwe wake: kwamba yeye ni mwizi anayesakwa. Aliniuliza kama anaweza kuzifuta zile jumbe. Haziwezi kufutwa. Aliomba uhamisho.

Nilimweleza kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na kwamba ipo Tume ya kupokea malalamiko ya aina yake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Dokta, nilisaini kwa kubonyeza neno la Kiingereza 'Allow'. Hiyo Tume itaniuliza kama nilisaini." Hapa ndipo sheria nzuri huteleza. Ridhaa inayotolewa kwa lugha ambayo mtoaji hakuisoma, kwenye kioo kidogo, mtoto akiwa na homa, ni ridhaa ya jina tu. Mabaraza yetu yanajadili kwa Kiswahili na mahakama zetu zimeanza kuzungumza Kiswahili. Sioni sababu ya mikataba inayofungua mifuko ya wananchi kuendelea kuandikwa kwa lugha nyingine.

Kisha lilikuja swali ambalo sitalisahau. Siku zilizofuata tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao wa intaneti ulikuwa umezimwa nchini, na ulirejea mwanzoni mwa Novemba. Nilipofika nyumbani baadaye nilielezwa kwamba watu kadhaa walikuwa wamepeleka simu zao kwa mafundi. Walidhani zimeharibika. Mmoja alikuwa amelipa ili simu "isafishwe" upya, akapoteza picha za mazishi ya baba yake. Fundi naye, nadhani, hakuwa mwongo. Hakuna aliyemwambia lolote. Tafakari, ndugu msomaji: uamuzi mkubwa wa dola uliwafikia raia hawa kwa sura ya kifaa kibovu. Hawakupata nafasi hata ya kukubaliana nao au kuukataa, kwa kuwa hawakujua kwamba ni uamuzi. Waliilaumu simu. Pengine walijilaumu wenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtandao wa X, uliozuiwa Mei 2025, na kwa VPN, ambazo Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaozitumia wajisajili. Mtumishi wa halmashauri ananiuliza, "Mtandao huu mbona haufunguki?" Nikimpa jibu la kwanza tu, nimemfundisha kuizunguka sheria bila kuijua. Nikimpa la pili tu, nimemhutubia mtu aliyekuja na shida. Humpa yote mawili, na kumweleza hatari iliyopo, kisha yeye mwenyewe aamue.

Wahenga wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zenye kimo kuliko mtu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivukuto. Wanaakiolojia kama Profesa Bertram Mapunda wameutafiti ufundi huo, na mabaki ya malungu yangali yapo katika uwanda wetu. Sitaki kuipamba enzi ile, kwa kuwa nayo ilikuwa na mabwana na siri zake. Lakini fundi aliishi katika nchi ileile alimoishi mkulima, na jembe likipasuka ilijulikana ni kwa nani pa kuuliza. Simu imeunganishwa kwa njia nyingine: kiwanda Shenzhen, programu California, sheria Dodoma, huduma kwa wateja Dar es Salaam, na shida Mtowisa. Hakuna hata mmoja kati yao anayekutana na mwenye shida uso kwa uso.

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila halmashauri iweke dirisha la maswali ya mawasiliano, lenye mtu anayejua *106#, 15040, 15090 na anwani ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayeandika kila swali daftarini. Daftari hilo litawafundisha watunga sera mengi kuliko warsha za hotelini. Pili, kila anayesajiliwa laini apewe risiti yenye jina la wakala na idadi ya laini. Tatu, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wapangiwe pia katika kata, wala si katika ofisi zenye viyoyozi tu.

Hadi hayo yatakapofanyika, kazi hii ni yetu sisi tuliosoma. Shangazi akikupa simu yake na kusema imemsumbua, irekebishe kwanza, kwa upole, maana ana haraka nayo: mbolea ya ruzuku, fedha ya mahindi na sauti ya mtoto aliyeko mbali vyote vimo humo. Kisha mwambie ni nani aliyeamua iwe vile ilivyokuwa, na ni wapi anaweza kumhoji.