Uganda Ilipokuwa Haina Pengine pa Kupita

Sisi tuliokulia upande huu wa Mto Malaba tulijua jambo moja kuhusu Uganda hata kabla ya kusoma ramani: haina bahari. Petroli yao, chumvi yao, mabati yao, yote yalipita mbele ya macho yetu yakitoka Mombasa, na kahawa yao ikashuka kwa njia hiyo hiyo. Wazee waliokaa vibarazani wakitazama foleni ya malori walikuwa na msemo wao: "Watakwenda wapi?" Hakuna aliyeuchukulia kuwa swali.

Mwaka 1976 ulituzidishia kiburi hicho. Februari, Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Hakulizua lote: hadi 1902 ardhi hii yetu ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakausogeza mpaka. Kenyatta hakuhitaji kuvusha jeshi. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kugusa shehena za Uganda. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe na ndege zao kutua Nairobi kujaza mafuta, ugomvi ukapanda tena, na Kenya ikataka petroli ilipwe kwa shilingi zake, la sivyo haivuki. Kampala ikakaukiwa. Yule jemadari wa vitisho akashusha sauti, akatuma wajumbe. Mwenye nguvu mpishe.

Sisi tulinufaika kwa njia zisizoandikwa vitabuni mwa serikali. Baridi kali ya 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil na bei ya kahawa ikapaa duniani kote, ilhali mkulima wa upande wa pili wa Mlima Elgon alilipwa na serikali yake noti zisizonunua hata sabuni. Magunia yakavuka usiku hadi soko la Chepkube, na Bungoma ikaota nyumba za mawe zilizojengwa kwa kahawa ambayo wenye nyumba hawakuipanda. Magendo tuliyaita biashara, na dhiki ya jirani tukaiita bahati yetu.

Desemba 1987 askari wa pande mbili walirushiana risasi Busia, mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa tulirudi kwenye shughuli zetu tukiamini kwamba Museveni naye ameonja. Hatukuangalia alichokuwa akikifanya na ziwa. Katika miaka hiyo ya 1980 Uganda ilikuwa na meli za kubeba mabehewa ya treni, zikivuka Ziwa Victoria hadi Mwanza ili mizigo ishike reli ya Dar es Salaam. Njia ile ilikuwa ndefu na yenye kuchosha, na sehemu kubwa ya shehena iliendelea kupita kwetu. Lakini mjumbe wa Uganda aliyekaa mezani Nairobi angalau alikuwa na jina la bandari nyingine la kutaja.

Mapema 2008 jina hilo lilipata uzito. Ghasia za baada ya uchaguzi wetu ziling'oa reli pale Kibera, malori yakakwama, na petroli ikaadimika Kampala na Kigali, kwa watu ambao hawakupiga kura Kenya. Safari hii hakuna aliyewakomoa kwa makusudi. Kwa mtu anayepanga mustakabali wa nchi yake, hilo ni baya zaidi: unaweza kupatana na jirani mkali, lakini utapatana vipi na msukosuko wa nyumbani kwake?

Wakati huo mafuta yalikuwa yameshagunduliwa upande wa Ziwa Albert. Mwaka 2015 Nairobi ilisherehekea makubaliano ya bomba la kupitia Lokichar hadi Lamu. Mwaka uliofuata Uganda ikachagua Tanga: kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, bila kukanyaga ardhi ya Kenya. Mwishoni mwa 2023 iliamua kujiagizia petroli yenyewe, imechoka na faida za madalali wa Kenya. Leseni ilipocheleweshwa Nairobi, haikutoa vitisho wala kusogeza majeshi. Ilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, huku ikizungumza na Dar es Salaam. Mei 2024 marais walipatana, na Julai mzigo wa kwanza ukaingia.

Malaba ya leo ina adabu. Tangu ushuru uanze kukadiriwa Mombasa mwaka 2014, foleni imepungua, na mawakala wengi wa forodha waliokula kwa muhuri wamefunga ofisi. Dereva wa Kampala huitwa "bosi" na wenye magesti wanaogombania alale kwao. Sioni aibu katika adabu hiyo; aibu ni tarehe yake. Miaka ile tuliamini kwamba tunapendwa, kumbe tulikuwa barabara pekee. Undugu wa Afrika Mashariki tuliuimba shuleni tangu utotoni, ila tulianza kuutenda baada ya Uganda kupata njia ya Tanga. Ungetugharimu kidogo sana kama tungeanza nao 1976, walipokuwa hawana la kufanya.