Kutoka Mnara Hadi Kasha Jembamba

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, kompyuta ya kuchezea gemu ilihesabiwa miongoni mwa samani za nyumba, na aliyekuwa nayo hakuwa na haja ya kuitaja, kwani kila mgeni aliyepanda ngazi zetu za Mji wa Kale, Mombasa, na kuingia sebuleni, aliiona kabla hajamwona mwenyeji wake. Lilikuwa kasha la bati lililosimama kufikia gotini pa mtu mzima, ubavuni mwake skrini ya kioo kinene yenye kisogo kirefu, na juu ya vyote hivyo kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama alikitandika kwa ajili ya kuzuia vumbi, akakiondoa kila tulipotaka kucheza na kukirudisha kila tulipomaliza, kana kwamba mashine ile imelala. Mafundi waliliita mnara, na kwa hakika halikukosa haiba ya mnara, ingawa ukilifungua ulikuta ndani mikanda mipana ya nyaya za kijivu, vitundu vya diski ambavyo havikuwa na diski, na hewa tupu nyingi.

Uwazi ule haukuwa israfu, nami napenda niutetee kabla sijausahau. Kipimo cha ATX, ambacho kampuni ya Intel ilikitoa mwaka 1995, kiliifanya bodi mama kuwa na urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244, na ikajaaliwa nafasi hatta saba za kupachika kadi, kwa sababu wakati huo kila kazi ilitaka kadi yake: sauti kadi yake, modemu kadi yake, mtandao kadi yake, na picha kadi yake. Mtu alijenga kompyuta kwa kuongeza, na heshima ya fundi ilikuwa katika wingi wa alivyoviongeza. Hatta zilipopita baadhi ya siku, kazi ya sauti ikahamia ndani ya bodi yenyewe, ya mtandao ikafuata, modemu ikafa kifo chake bila ya kuliliwa, na nafasi zile saba zikabaki na mpangaji mmoja tu, naye ni kadi ya picha. Minara lakini haikupungua. Kwa muda wa miaka mingi tulikuwa tukinunua makasha ya kuhifadhia hewa, na wala hapana aliyeuliza sababu.

Waliouliza walikuwa Taiwan. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ilitangaza bodi ya mraba ya milimita 170 kwa 170, iitwayo Mini-ITX, na mwaka huo huo kampuni ya Shuttle, nayo ya Taiwan, ikatoa kijisanduku cha SV24, kompyuta kamili ambayo mtu aliweza kuibeba kwapani. Sisi huku tulizisoma habari hizo katika majarida yaliyotufikia yamechakaa, tukazistaajabia, kisha tukazipuuza, na kwa haki kabisa, maana bodi zile ndogo zilifungwa prosesa za uvumilivu zilizofaa kuandika barua na kupiga muziki, ilhali mcheza gemu alitaka kitu kimoja ambacho hazikuwa nacho: nafasi ndefu ya kadi ya picha yenye nguvu. Nafasi hiyo ilianza kuonekana katika bodi za Mini-ITX za michezo kati ya mwaka 2009 na 2010, na hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo seremala na mhunzi wa makasha hawakuweza kulitatua peke yao, nalo ni joto.

Joto la mashine ni jambo ambalo mtu wa pwani halielezwi mara mbili. Kila wati inayoingia kwa waya hutoka kwa umbo la joto, wala haina njia nyingine ya kutokea, basi kadi inayokula wati 250, kama ilivyokuwa GeForce GTX 480 ya mwaka 2010, ni jiko dogo lililowekwa chini ya meza. Rafiki yangu mmoja wa Majengo alikuwa na kadi hiyo ndani ya mnara mpana wenye feni nne, na siku za kaskazi, kati ya Disemba na Machi, upepo unapokuwa mkavu wa jina tu na chumba kikiwa katika nyuzi 31 au 32 tangu asubuhi, tulikuwa tukicheza vifua wazi huku feni zile zikivuma hatta mtu asimsikie mwenziwe. Kuichukua mashine kama hiyo na kuitia katika kasha jembamba lilikuwa wazo la mwendawazimu.

Kwa hiyo nadai, kinyume cha wauzaji wa makasha wanaojinasibishia mabadiliko haya, kwamba kompyuta nyembamba ya gemu haikuletwa na kasha. Ililetwa na kadi iliyojifunza kula kidogo. Septemba 2014 ilitoka GTX 970, iliyohitaji wati 145 na kufanya kazi ambayo zamani ilidai jiko. Na Julai 2016 ikafuata GTX 1060, wati 120. Makasha yalikuwa yakingoja tu. SilverStone walikuwa na Raven RVZ01 ya lita 14, na Fractal Design wa Sweden wakaleta Node 202, lita 10 na kidogo, kasha la unene usiotimiza sentimita 9, ambalo huweza kulala chini ya televisheni au kusimama wima kando yake, na mgeni akapita bila kujua kuwa pana kompyuta humo.

Hilo la Node 202 ndilo nililojengea mimi, mwaka 2017. Binamu yangu aliyekuwa Dubai alizikusanya sehemu zake moja moja katika maduka ya Bur Dubai, kwenye barabara ya Khalid bin Walid ambayo wengi huijua kuwa ni barabara ya kompyuta, akazituma kwa mikono ya jamaa waliokuwa wakirudi Mombasa, kila mmoja na kipande chake katikati ya manukato na nguo za sikukuu. Nilizipeleka kwa mzee mmoja fundi wa redio, si kwa kuwa alijua kompyuta kuliko mimi, bali kwa kuwa meza yake ina taa nzuri na mkono wake hautetemeki.

Alilifungua kasha, akalitazama kwa utulivu, akasema, “Mwanangu, humu joto litatokea wapi?”

“Mzee, kadi haisimami juu ya bodi,” nikamjibu. “Ina chumba chake, na inavuta hewa ya nje moja kwa moja kwa ubavu.”

Na siri yote ya kasha jembamba ni hiyo. Katika mnara kadi husimama juu ya bodi mama kwa pembe mraba, na kwa sababu hiyo kasha haliwezi kuwa jembamba kuliko urefu wa kadi ulioinuka; hapa huwekwa kipande kidogo cha raiza kinachopachikwa katika nafasi ya bodi, kikaugeuza mlango wake nyuzi tisini, na kadi ikalala sambamba na bodi, ukuta wa bati ukizitenga. Ndani ya chumba cha kadi matundu ya ubavu yamekaribiana na feni zake kiasi cha kidole, ndiyo maana kadi humo aghalabu hupata hewa safi kuliko ndugu yake aliye katikati ya mnara, anayevuta hewa iliyokwishapashwa moto na wenziwe. Chumba cha pili ndicho chenye dhiki: kipozaji cha prosesa hakiruhusiwi kuzidi milimita 56, nami nilitia cha Noctua chenye milimita 37, juu ya Core i5 ya wati 65. Mzee alizilaza nyaya za pawa saplai kwanza, kabla ya kitu chochote kingine, akizikunja na kuzibana kwa uzi pembezoni, maana bodi ikishafungwa hapana tena kidole kitakachofika kule. Kisha akaibonyeza kadi katika raiza hatta ikalia, akatabasamu.

Kaskazi iliyofuata ilitupa mtihani wake. Kadi yangu, GTX 1060, ilifika nyuzi 83, mpaka uliowekwa na Nvidia walioiunda, ikaanza kujipunguzia mwendo. Dawa yake haikuwa feni nyingine, kwa kuwa hapana pa kuitia, bali ni kuingia katika programu ya MSI Afterburner na kuishusha ruhusa ya umeme hadi asilimia 80, yaani wati 96, na kilichopotea katika mchezo kilikuwa kidogo hatta macho yangu hayakukiona, ilhali kelele ilipungua dhahiri. Vichujio vya vumbi vilioshwa kila mwezi, na skrubu za nje zilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta, maana chumvi ya bahari haijui kasha jembamba wala nene. Niliepuka taa za rangi zinazowekwa ndani ya mashine za vijana. Nakiri sijawahi kuelewa ni nani anayechezea gemu ndani ya kasha.

Mashine ile imesafiri. Mwaka ule wa 2017 treni mpya ya Nairobi ilikuwa imeanza safari zake, nami niliitia katika mkoba wa mgongoni, na pale stesheni ya Miritini, mizigo ilipopangwa sakafuni ili mbwa wainuse, askari aliuliza kama ni dishi la televisheni, nikamwambia ni kompyuta, akaniangalia kwa shaka. Nairobi hewa ni nyepesi kidogo kwa sababu ya kimo cha mji, lakini baridi yake hulipa fidia mara nyingi, na kadi iliyokuwa ikihema kwetu ilikaa kule kimya kama haina kazi.

Kisha mambo yakageuka tena. Kadi zikasahau adabu: RTX 3080 ya mwaka 2020 ilidai wati 320, na RTX 4090 ya mwaka 2022 wati 450, na unene wa nafasi tatu. Mwaka 2024 Nvidia wenyewe waliona haya, wakatoa kipimo cha kadi za makasha madogo, zisizidi urefu wa milimita 304 na unene wa milimita 50, kipimo ambacho kwa kasha langu, lisilopokea illa kadi ya nafasi mbili, bado ni karamu ya watu wengine.

“Mjomba,” akaniuliza mpwa wangu, “4090 haiingii humo?”

“Haiingii, mwanangu, na lau ingeingia isingetoka.”

Tulitia RTX 4060. Ni wati 115, pungufu ya ile ya mwaka 2016, na kazi yake ni zaidi ya maradufu. Bodi tuliibadili, tukaweka prosesa ya Ryzen 5 5600, na hapo skrini ikabaki nyeusi, kwa kuwa bodi mpya ilitaka kuzungumza na kadi kwa kasi ya kizazi cha nne cha nafasi za kadi, na raiza ile kongwe haikuweza. Mpwa wangu akarudisha mipangilio ya bodi katika kizazi cha tatu, picha ikatokea. Pawa saplai ni ile ile ya wati 450 iliyotoka Bur Dubai.

Sasa anaitaka aende nayo chuoni Nairobi, nami nimekubali kwa sharti la kuosha vichujio. Amenijibu kwamba Nairobi hakuna chumvi. Nimemwambia vumbi liko, na vichujio ni vitatu, si kimoja.