Mizizi Inayotaka Hewa



Juma hili tungependa kuwashirikisha jambo dogo la bustanini. Ni habari ya okidi mgonjwa, na ya ukweli uliotubidi kuusema kwa sababu yake.

Wengi hudhani kwamba mmea wa chunguni hufa kwa kiu. Kwa okidi, mara nyingi mambo huwa kinyume: hufa kwa kunyweshwa mno. Ile iitwayo Phalaenopsis, ambayo huuzwa sana madukani, asili yake si ya udongoni. Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki hushikilia magome ya miti, mizizi yake ikiwa hewani. Wala si kimelea, kwa maana haiunyonyi mti, huuegemea tu. Hata Afrika Mashariki tunayo okidi ya namna hiyo, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi kama ya chui, ikaayo katika panda za miti. Mizizi ya mimea hii imevikwa ngozi mfano wa sifongo. Inyeshewapo hunywa upesi na kuwa ya kijani. Ikaukapo hurudia rangi ya kijivu. Ikiisha kunywa, hutaka kupumua.

Mama mmoja jirani yetu, mjane, alituletea Phalaenopsis iliyokuwa ikitunzwa na marehemu mumewe. Majani yake matatu yalikuwa yamenywea na kukunjamana. Magome ya msonobari yaliyomo chunguni yalikwisha kuoza na kuwa kama tope. Tulipouliza ni nani humwagilia, akajibu, "Mimi, kila asubuhi, tangu tulipomzika." Kisha akaongeza, "Wanangu, kama umekufa niambieni tu. Nimekwisha kuzoea kuambiwa."

Tuliutoa mmea, tukaiosha mizizi, tukaibonyeza mmoja mmoja. Mzizi ulio mgumu ni mzima. Uliolainika, ukichubuka na kubaki uzi mtupu, umekufa. Iliyokufa tuliikata kwa mkasi uliopitishwa motoni. Ikasalia mizizi mitatu. Tukampelekea mama habari kwamba mmea haujafa, ila haujapona.

Sasa tuupande katika nini? Magome ya msonobari ni adimu kwetu, na hata yapatikanapo, baada ya miaka 2 hivi huanza kuoza, yakashikamana na kuifungia mizizi hewa. Basi tukageukia vitu vilivyo karibu: makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya sentimita 2, mkaa wa kuni uliovunjwavunjwa, na vigae vya chungu kilichopasuka. Kila kimoja kina kazi yake. Makumbi huhifadhi unyevu; mkaa na vigae huacha nafasi ya hewa, na haviozi upesi. Lakini makumbi huwa na chumvi, kwa hiyo tuliyaloweka siku 3, tukibadili maji kila siku. Mkaa nao tuliusuuza vumbi lake.

Tulitumia chungu chenye matundu, tukaufunga mmea kwenye kijiti ili usitikisike, tukauweka kivulini penye mwanga mpole wa asubuhi. Mbolea hatukutia, kwani mizizi michache na dhaifu huunguzwa nayo. Maji tulitia pale tu mizizi ilipokuwa ya kijivu.

Mwezi wa kwanza jani moja likageuka manjano, likaanguka. Tulivumilia. Mwezi wa tatu ukachomoza mzizi mpya wenye ncha ya kijani, na baadaye jani changa. Yale majani ya zamani yamebaki na mikunjo yake; jani lililokwisha kunywea sana kwa kawaida halirudii unyoofu wake. Afya ya mmea hutazamwa katika kile kinachoota.

Hapo ndipo lilipotufikia jambo gumu. Kumrudishia mama mmea wake bila kumweleza habari ya maji kungekuwa kuuua mara ya pili. Kumweleza kungekuwa kumwonyesha kwamba huduma yake ya kila asubuhi, iliyotoka katika majonzi, ndiyo iliyozidisha uozo. Tulichagua kusema. Tulianza na magome yaliyooza, ambayo yangeudhuru mmea hata kwa maji machache, kisha tukasema na juu ya maji. Alinyamaza kitambo, akaigusa ile mizizi. "Kumbe ulikuwa unataka kupumzishwa," akasema. Akatuuliza rangi ya kijivu ni ipi hasa, nasi tukamwonyesha.

Mmea sasa uko kwake. Haujatoa ua, na huenda likachukua mwaka au zaidi. Yeye huutazama kila asubuhi kama zamani. Siku nyingine humwagilia, siku nyingine huuacha.

Ndugu wasomaji, tukitaka kumhudumia aliyedhoofika, tuulize kwanza amepungukiwa na nini. Tunawatakia juma jema.