Mafuta ya Nywele, Mafuta ya Sabuni

Nyumbani kwetu Mkunazini, Unguja, mafuta ya nazi yalikuwa na vyeo. Ya juu kabisa ni yale aliyoyapika bibi mwenyewe: nazi inakunwa kwa mbuzi, tui zito linakamuliwa kwa kifumbu, kisha sufuria inakaa juu ya moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu ya mashapo ya kahawia. Sisi watoto tukingoja mashapo, tuyale na sukari. Mafuta yenyewe yalikuwa ya nywele na ya kumkandia mtoto mchanga. Kuyatia kwenye sabuni? Angekufukuza jikoni.

Sabuni ilistahili mafuta ya mbata. Nazi huanikwa juani au hukaushwa kwa moto wa makumbi na vifuu, na mafuta yake hutoka ya manjano, mara nyingi yananuka moshi. Mbata ya Unguja ilipakiwa melini karne ya 19 ikaenda Marseille, Ufaransa, kwenye viwanda vya sabuni, kwa hiyo bibi hakuwa peke yake. Sabuni yake haikuwa na uzuri wa kutazama, lakini ilitoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya mwani, ulioanza kulimwa kibiashara hapa mwaka 1989. Bei ya mwani mkavu ilipokuwa haitoshi kitu, baadhi ya wanawake wa Paje waliusaga wakautia kwenye sabuni, pamoja na karafuu, mdalasini na mchaichai. Mnunuzi akawa mtalii, na mtalii hataki kuoga moshi. Basi mafuta ya nywele yakaingia kwenye ndoo ya kostiki, ile soda kali ya sabuni, na siku hizi yapo pia yaliyokamuliwa bila moto, ghali kuliko yote.

Mimi nasimama na bibi. Kostiki haijui cheo: gramu 183 huimaliza kilo nzima ya mafuta ya nazi, yawe ya mbata, ya tui, au yaliyosafishwa kiwandani mpaka hayana rangi wala harufu. (Mimi natia 150 tu, maana sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi.) Harufu ile nzuri ya tui, uliyoilipia, nyingi hufia humo humo ndooni.

Yanayovuruga hesabu ni mafuta ya masaji, yale yasiyoganda. Hayo yameondolewa sehemu kubwa ya asili yake, na kilo moja hutaka karibu gramu 230. Ukiyapimia kostiki ya kawaida, unapata uji wa mafuta. Mafuta ya nazi ya kawaida huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, ndiyo maana usiku wa kipupwe chupa hupauka yenyewe. Nikinunua sokoni Darajani chupa isiyo na maelezo, huilaza kwenye friji kwanza. Ikikataa kuganda, naipeleka chumbani kwa kujipaka.