Kijana Asiyethubutu Kuvua Miwani

Ukipita katika mitaa ya Nyasubi hapa Kahama nyakati za alasiri, watoto wakiwa wametoka madrasa, utawakuta wavulana wamejifunga machoni vipande vya plastiki nyekundu vilivyokatwa kwenye ndoo kuukuu. Wenye ndugu katika karakana za kuchomelea vyuma huja na miwani halisi ya fundi. Wanacheza X-Men. Katuni zenyewe huzipata kwa njia tuzijuazo sote: kadi ya simu iliyojazwa dukani, au kibanda umiza ambacho mwenyewe haulizi umri wa anayeingia.

Katika mchezo huo karibu kila mmoja hutaka kuwa Wolverine, yule mwenye makucha ya chuma, asiyependa kupokea amri ya mtu. Cyclops hukosa wa kumwigiza. Huyo ndiye kiongozi wa kikosi, na watoto humwona mkavu: hupanga, hukataza, huhesabu watu wake, wala hana maneno ya kuchekesha. Mwanetu wa kwanza, mwenye miaka 13, ndiye pekee katika kundi lao aliyemchagua kwa hiari yake. Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Mmoja wetu hushinda machimboni upande wa Geita kwa wiki kadhaa kabla ya kurejea, na mwenzake hubaki nyumbani na watoto wanne. Mtoto wa nyumba kama hiyo anapompenda kiongozi asiyecheka, mzazi ana haki ya kuuliza sababu. Basi tukaketi tukamtazama huyo Cyclops, na tukatafuta habari zake.

Alibuniwa nchini Marekani na Stan Lee, mwandishi, pamoja na Jack Kirby, mchoraji, katika toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha X-Men, lenye tarehe ya Septemba 1963. Baadaye hadithi hizo ziliingia katika televisheni; mfululizo wa katuni uliovuma zaidi ulianza mwaka 1992 na kukoma 1997, kisha ukaendelezwa mwaka 2024. Jina lake la kuzaliwa ni Scott Summers. Katika hadithi, ndege ya wazazi wake ilishambuliwa angani. Yeye na mdogo wake wakasukumwa nje na mwavuli mmoja wa kurukia, na akaumia kichwa alipoanguka. Alipobaleghe, macho yake yakaanza kutoa mwale mwekundu wenye nguvu ya kubomoa ukuta, na kwa sababu ya lile jeraha hawezi kuuzuia mwale huo kwa kutaka kwake. Kinachouzuia ni vitu viwili tu: kope zake akizifumba, na miwani ya kioo chekundu ambayo hathubutu kuivua mbele ya watu.

Tunajua wapo ndugu zetu wasiotaka hata kusikia majina haya nyumbani mwao, na hatuwabezi. Katika hadithi hizohizo yumo Storm, mwanamke ambaye mama yake ni wa Kenya. Katika toleo la mwaka 1975 anaonekana akiabudiwa na wanakijiji wa Afrika Mashariki kama mungu wa mvua. Tulipofika hapo tuliisimamisha picha, tukazungumza na watoto kuhusu tauhidi, na kuhusu mtu wa mbali anavyotuchora sisi watu wa huku kana kwamba hatukuwahi kumjua Muumba. Mazungumzo yale yalichukua jioni nzima na yalikuwa na faida. Lakini mtoto anayetazama akiwa peke yake kibandani hana wa kumsimamishia picha. Kwa rai yetu, hiyo ndiyo hoja nzito zaidi, kuliko hoja ya kukataza au kuruhusu.

Turudi kwa mwenye miwani. Muislamu yeyote aliyesoma Surat An-Nur hawezi kumtazama kijana huyu asikumbuke aya ya 30, inayowaamrisha wanaume waumini wainamishe macho yao. Tunasema wanaume kwa makusudi. Amri ya wanawake iko katika aya ya 31, inayofuata, ilhali mawaidha mengi tunayoyasikia huanzia hapo kwenye ya pili, kana kwamba ya kwanza haikushuka. Mwanetu alilielewa hili haraka kuliko tulivyotarajia. Cyclops hainamishi macho kwa kuogopa watu, anawaogopea watu. Anajua kilichomo ndani ya jicho lake. Wale waliomtunga hawakuwa na Qur'ani mbele yao, wala hatutaki kuwavika kanzu wasiyoivaa. Ila mfano ukipatikana njiani, mlezi huuokota.

Nguvu isiyo na kizuizi watu wa nchi hii hatuhitaji kuijulia katunini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri, wanakijiji wa Kahama na jirani zake walijikusanya kwa filimbi, pinde na mishale, wakachagua makamanda, na ndipo Sungusungu ikazaliwa. Watu wasio na cheo wala mshahara waliufanya usiku ukapitika. Wazee wetu huyataja hayo kwa fahari, na wana haki. Lakini zipo pia habari za watuhumiwa waliopigwa, na wengine kuuawa, pasipo kufikishwa kwa hakimu. Kikosi kilekile, filimbi ileile. Tofauti ilikuwa kwa anayeongoza, kama alijua pa kuukomesha mkono wa watu wake. Kwa hiyo kijana wa Nyasubi anapomchagua kiongozi ajizuiaye, badala ya mwenye makucha, hatuna neno la kumlaumu. Tulifurahi.

Furaha hiyo ilipungua tulipoendelea kusoma.

Scott Summers hakulelewa, alifunzwa. Alitoka katika nyumba ya yatima akachukuliwa na Profesa Xavier, mtu mwenye nia njema na elimu nyingi, aliyempa miwani, vazi la kikosi, na chumba cha mazoezi chenye mitambo ya kumshambulia kila upande. Wenzake wanne wa mwanzo walikuwa vijana kama yeye, na mara akawa juu yao. Katika kurasa zile za 1963 wengine hutaniana, hurushiana vitu, hula. Yeye husimama pembeni akiwa na hofu ya kumdhuru mtu. Mwalimu alimpa kila alichokihitaji ili aongoze. Tulitafuta ukurasa ambamo mtu anamwambia mtoto huyu akae chini, wengine watashika zamu. Katika zile tulizozipata, haukuwamo.

Kisha likaja jambo la mwaka 1986. Kufikia hapo amekwisha oa, na mkewe, Madelyne, amejifungua mtoto wa kiume. Katika toleo la Januari mwaka huo anashindana na Storm juu ya nani aongoze kikosi, na Storm anamshinda, ingawa wakati huo alikuwa amepoteza nguvu zake zote. Ungedhani mtu huyo sasa angerudi kwa mkewe akapumzika. Haikuwa hivyo. Mwezi uliofuata kikaanzishwa kitabu kipya, na ndani yake anapata habari kuwa mwanamke aliyempenda zamani, Jean Grey, aliyedhaniwa amekufa, yu hai. Akaondoka. Akamwacha mke na mtoto mchanga, akaenda kuunda kikosi kingine. Wapo wasomaji wa Marekani ambao hadi leo, karibu miaka 40 baadaye, hawajamsamehe, nasi tunawaelewa. Huyu ndiye mtu aliyeweza kuyatawala macho yake kila dakika ya maisha yake, mbele ya adui na mbele ya rafiki.

Tulijadiliana usiku mzima kama tumweleze mwanetu sehemu hiyo. Mmoja wetu aliona tumwachie shujaa wake, mwingine aliona hapo ndipo penye somo. Tulimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, kwani yeye alikuwa na baba wa kumfundisha kukaa nyumbani?"

Hatukuwa tumeliona hilo kabla yake. Na lilitupeleka moja kwa moja kwa kijana mwingine, ambaye si wa kubuniwa: Usama bin Zayd, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume (S.A.W.), mwishoni mwa uhai wake, alimteua kuongoza jeshi la kuelekea Sham akiwa na umri wa takriban miaka 18, na chini yake wakiwemo masahaba wakubwa. Wapo walionung'unika kwa ujana wake, na Mtume (S.A.W.) akamtetea hadharani. Baada ya Mtume kufariki, Abu Bakr alilituma jeshi lilelile chini ya kijana yuleyule. Akamsindikiza kwa miguu, Usama akiwa amepanda mnyama, na akamwomba ruhusa ili Umar abaki Madina. Khalifa anamwomba ruhusa kijana wa miaka 18! Hayo husimuliwa sana katika darsa za vijana, na ni haki yasimuliwe.

Lakini kabla ya bendera kulikuwa na paja. Usama huyohuyo, alipokuwa mdogo, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimkalisha kwenye paja lake moja, na mjukuu wake Hasan kwenye la pili, akiwaombea wote wawili rehema. Mtoto yule alikuwa amekwisha bebwa kabla hajabebeshwa. Alikosea pia: aliwahi kumuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, na Mtume (S.A.W.) akamkemea mno hadi akatamani angekuwa amesilimu siku ile ndipo. Alikuwa na wa kumkemea. Alikuwa na mahali pa kurudi na aibu yake.

Sasa tuiangalie Nyasubi. Ni nyumba ngapi hapa zinazoongozwa na mtoto wa kwanza wa kiume? Baba yuko machimboni, au kwenye karasha, au anafuata mchanga mpya uliosikika wilaya nyingine. Anapoondoka humshika mwanawe bega na kumwambia, wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Neno hilo husemwa kwa mapenzi. Mtoto hulipokea kama amri. Tangu hapo hulala akisikiliza mlango, huwahesabu wadogo zake, humsindikiza mama usiku, huacha mpira. Majirani humsifu: ana adabu, ametulia, kama mtu mzima. Na baba mwenyewe anajua kwamba katika duara hakuna ahadi ya kurudi. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani humuhumu Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Kwa siku zote hizo kulikuwa na watoto ambao hawakujua kama wao ni wana wa aliye hai au ni mayatima. Watoto wa machimboni husikia habari kama hizo, hata tukizisema kwa sauti ya chini.

Kuna jambo mwanetu alimwuliza mama yake usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa. Je, Cyclops hulala na miwani? Mama akamjibu kwamba akiyafumba macho nguvu ile haipiti, kope zinatosha. "Basi akilala ndiyo anapumzika," akasema. "Akiamka tu, kazi."

Hakuwa akimzungumzia Cyclops.

Dini yetu imeagiza watu watatu wakisafiri wamchague mmoja wao awe amiri. Haikuagiza amiri awe mdogo wao. Nyumba yetu ina mama, mwenye akili timamu na sauti inayofika hadi barabarani, na ina mjomba anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Safari iliyopita, kabla ya kuondoka kwenda Geita, funguo zilikabidhiwa kwa mama mbele ya watoto wote wanne. Mlango wa usiku na kumsindikiza mama kwa mgonjwa ni juu ya mjomba, ambaye aliitwa akaja, akaambiwa, akakubali. Mkubwa akapewa kazi zilizobaki: kuwasomesha wadogo zake juzuu, kuchota maji asubuhi, na saa kumi jioni kwenda uwanjani, hilo la mwisho likiwa ni amri kama zile nyingine.

Alisikiliza yote kama askari. Kisha akamgeukia mjomba wake akamwuliza, mara mbili, kama kweli atakuja kila usiku, au aendelee kusikiliza mlango mpaka amzoee.