Nyumba Isiyoona Bahari



Nyumba yetu iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, vichochoro vitano kutoka gatini. Aliijenga babu yake marehemu mume wangu kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ina daka mbele, kiwanda katikati, zidaka ukutani, na vyumba vinne ambavyo tangu mwaka 2006 tumekuwa tukiwapangisha wageni. Haioni bahari. Ukipanda juu darini utaona makuti ya jirani, mnara wa msikiti, na paka.

Sisi watu wa Lamu tumezoea kuishi na wageni, na tumezoea pia kuishi bila wao. UNESCO iliuingiza mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kwa miaka kadhaa mambo yakawa mazuri. Mwaka 2011 wageni wakatekwa nyara Kiwayu na Manda. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020 ikaja korona. Kila mara tulifunga vyumba, tukafunika vitanda kwa shuka, tukangoja. Lakini baada ya korona niliona jambo nisilolijua: wageni walirejea mjini, kwangu hawakurejea. Zamani mgeni alivuka kwa mashua kutoka uwanja wa ndege wa Manda, akashuka gatini, akauliza pa kulala, na vijana wakambebea mizigo hadi mlangoni petu. Siku hizi anashuka akiwa na jina la nyumba tayari kwenye simu. Ameshauliza akiwa kwao, na aliyemjibu si kijana wa gatini, ni Google.

Tovuti tulikuwa nayo. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Mombasa, alitutengenezea, na jina la tovuti akalisajili kwa jina langu mimi, si lake. Wakati ule sikuona umuhimu wa jambo hilo. Ila tovuti yenyewe ilikuwa kama duka lililofunguliwa nyuma ya nyumba: lipo, lakini apitaye hajui. Ukitafuta malazi ya Lamu, ilikuwa ukurasa wa saba, na sijapata kumwona mtu afikaye ukurasa wa saba.

Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa bwana mmoja wa mjini, ambaye kazi yake ni kuzipandisha tovuti katika mitambo ya kutafutia. Vijana huiita kazi hiyo SEO. Sitamtaja jina wala mji wake. Alizungumza nami kwa simu kwa adabu sana. "Mama, ndani ya siku thelathini utakuwa wa kwanza," akasema. "Nakuhakikishia." Bei yake ilikuwa shilingi 45,000 za kuanzia, kisha 10,000 kila mwezi kwa miezi minne. Jumla 85,000.

Fedha hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa na kazi yake. Boriti tatu za chumba cha kaskazini zilikuwa zimeoza, na fundi alikuwa amekwisha nipimia: boriti mpya, chokaa, na ujira wa mafundi wawili, kazi ifanywe Januari kabla ya masika. Nilikaa na hesabu ile siku mbili. Nikajiambia kwamba dari bila mgeni haina maana, na mgeni akija atalipa dari. Mwezi wa Oktoba 2023 nikatuma fedha.

Nisimdhulumu. Mambo mawili aliyoyafanya yalikuwa ya haki, na tunayatumia hadi leo. La kwanza, alizipunguza uzito picha zetu, maana kila moja ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu mwenye simu ya kawaida alichoka kungoja akaondoka. La pili, alituonyesha kwamba wageni huliandika jina la Shela kwa namna mbili, kwa l moja na kwa l mbili, na kwamba jina la nyumba yetu, ambalo ni la Kiswahili na sisi tunalipenda, hakuna Mjerumani atakayeliandika bila kulijua kwanza. Mgeni haandiki jina lako. Anaandika haja yake: chumba cha familia Lamu, jinsi ya kufika Lamu kutoka Nairobi, je, Lamu ni salama. Tovuti yetu ilikuwa na shairi la kukaribisha na nambari ya simu. Maswali hayo haikuwa imeyajibu hata moja.

Mwezi wa Desemba tulikuwa ukurasa wa kwanza. Simu ikaanza kulia. Nikamwombea dua yule bwana, na Januari ikapita bila fundi kuitwa, kwa sababu vyumba vilikuwa na watu.

Katika mwezi wa Shaaban 1445, yaani Februari 2024, walikuja mume na mke kutoka Uholanzi, wazee waliostaafu. Yule mama alikuwa na maumivu ya goti na akitembea kwa mkongojo. Waliweka mizigo, wakanywa maji ya ukwaju, kisha akauliza ngazi ya kwenda juu iko wapi. Nikamwambia apumzike kwanza. Akacheka, akasema amengojea jambo hili tangu alipokuwa kwao. Ngazi zetu ni 38, na ni za kizamani, nyembamba, kila moja na kimo chake. Alipanda polepole, mume wake nyuma yake, mimi nyuma ya mume. Alipofika juu akazunguka pande zote nne. Akaniuliza, "Bahari iko wapi?"

Akanionyesha simu. Mgeni fulani mwenye jina la Kizungu alikuwa ameandika kwamba kila asubuhi alipata kifungua kinywa juu ya nyumba yetu akitazama majahazi yakipita. Chini yake mwingine alisifu upepo wa baharini unaoingia dirishani. Wa tatu alilisifu bwawa letu la kuogelea. Bwawa! Nyumba ina birika moja la maji, na humo wanaoga kunguru. Nilihesabu sifa 43. Katika kitabu changu cha wageni, ambacho nimekiandika kwa mkono tangu siku ya kwanza, majina yale hayakuwamo.

Yule mama hakukasirika. Alikaa juu ya kibaraza cha darini akalisugua goti lake, akasema si neno. Ningependa angenigombeza.

Niliwarudishia fedha zote za siku tatu, nikawatafutia chumba kwa jamaa mwenye nyumba ya ukingoni mwa bahari, nikawasindikiza. Usiku ule nikampigia yule bwana. Hakukana. Alisema ndiyo kazi aliyolipwa, kwamba kila mtu anafanya, na kwamba bila sifa zile na bila viungo alivyovinunua katika tovuti nyingine tungerudi tulikotoka. "Mama, hiyo ni biashara tu," akasema.

Hapa inafaa nieleze jinsi mtambo ule unavyoamua nani awe wa kwanza, kwa kadiri mtoto wa kaka yangu alivyonifahamisha. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998, walijenga kazi yao juu ya wazo moja: tovuti ikiitaja tovuti nyingine kwa kiungo, hiyo ni kama kuitolea ushahidi, na ushahidi wa anayeaminiwa na wengi una uzito kuliko wa asiyejulikana. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka darasa la Hadithi, jinsi maulamaa walivyouliza nani kapokea kwa nani, na kila mpokezi akapimwa ukweli wake. Naomba radhi kwa kuweka mambo mawili haya karibu karibu. Jambo tukufu na jambo la sokoni havilingani. Lakini mfano ule ndio ulionifahamisha kosa. Yule bwana alikuwa amenitungia wapokezi.

Nilikwenda pia kwa mwalimu aliyenisomesha madrasa utotoni. Alinikumbusha mlango wa najshi katika fiqhi ya biashara: mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi wa kweli ahadaike. Nikamwambia mimi sikuandika hata neno moja. Akaniuliza nani aliyelipa. Nikanyamaza, akanimiminia kahawa.

Kurekebisha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Sifa zilizokuwa ndani ya tovuti yetu tulizifuta siku moja. Zile zilizowekwa katika ramani ya Google mwenye biashara hana uwezo wa kuzifuta. Awezalo ni kuripoti, moja baada ya moja, na kungoja. Nyingine ziliondolewa, nyingine zikabaki. Kuna jambo moja tu mwenye biashara analoruhusiwa bila kumwomba mtu, nalo ni kuandika jibu chini ya sifa. Nikamwambia kijana aandike, kwa Kiingereza, chini ya kila moja iliyobaki: mtu huyu hakulala kwetu, na nyumba yetu haioni bahari.

"Shangazi," akasema, "ukiandika hivyo unaufunga mlango kwa mkono wako. Nani atakuja katika nyumba ambayo mwenyewe anasema amesifiwa uongo?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa na vyumba vinne, boriti tatu zilizooza, na binti mdogo wa kulipiwa karo. Nikamwambia aandike. Aliandika jibu la kwanza, akasita, akanitazama, kisha akayamaliza yote kumi na saba bila kusema.

Tulishuka. Kufikia mwezi wa Ramadhani tulikuwa ukurasa wa nne, kisha wa sita. Yakaja masika ya 2024, ambayo Kenya nzima inayakumbuka kwa mafuriko yake, na usiku mmoja dari ya chumba cha kaskazini ilipinda na kipande cha chokaa kikaanguka juu ya kitanda. Kilikuwa kitupu, alhamdulillahi. Tuliweka mabeseni, tukakifunga chumba, na kilikaa kimefungwa mwaka mzima. Sisemi kwamba nililipwa papo hapo kwa kusema kweli. Nililipa mimi.

Baadaye kijana alinisomea maelezo ambayo Google wenyewe wameyaweka wazi kwa kila mtu, nami natamani ningeyajua kabla ya Oktoba. Wanasema hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na anayekuhakikishia ujihadhari naye. Wamesema pia kwamba kazi ya haki kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya kuonekana faida. Viungo vya kununuliwa wanavikataza, na Aprili 2012, kwa mabadiliko waliyoyaita Penguin, tovuti nyingi zilizojipandisha kwa njia hiyo zilishushwa. Huko Marekani, tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya serikali inayoyapiga marufuku maoni ya wateja wa kubuni. Na ile huduma ya kuiweka biashara yako katika ramani yao, ambayo mimi nilitozwa 8,000 ndani ya ankara, haina malipo hata senti.

Nimemwajiri mtu mwingine sasa, binti wa hapa hapa Lamu, kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Nilimwuliza mambo ambayo wa kwanza sikumwuliza. Nionyeshe tovuti uliyoishughulikia, na nipe simu ya mwenyewe nimwulize. Kila mwezi niambie umebadilisha nini, kwa maneno ninayoyafahamu. Maneno yoyote yatakayotokea chini ya jina letu niyasome kwanza. Nywila zote zibaki kwangu. Yeye hakuniahidi nafasi yoyote. Aliniambia niketi niandike majibu ya maswali yote ambayo wageni wameniuliza tangu 2006, naye atayapanga na kuyatafsiri.

Niliandika kwa wiki tatu, usiku baada ya sala ya Isha. Niliandika mashua ya kutoka Manda inapatikana wapi. Niliandika kuhusu usalama, nini kilitokea miaka ile na hali ikoje sasa, bila kupamba. Niliandika tarehe za Maulidi hubadilika kila mwaka wa Kizungu na kwa nini, na kwamba wakati huo mji hujaa watu wa Msikiti wa Riyadha na chumba kitafutwe mapema. Nikaandika kwamba mji huu unavaa kwa stara. Nikaandika kwamba ngazi ni 38 na kwamba juu hakuna bahari, ila kuna kivuli na upepo baada ya Alasiri.

Yule mama wa Uholanzi naye aliandika maoni yake, bila kuombwa. Alitoa nyota tatu kati ya tano. Alisema hakupata bahari, na kwamba maji ya ukwaju yalikuwa matamu.

Tuko ukurasa wa pili. Boriti za chumba cha kaskazini zilibadilishwa mwaka huu, na chokaa bado inakauka. Wiki iliyopita mgeni mmoja kutoka Nairobi, mwenye watoto wawili wadogo, aliuliza kwa barua pepe ikiwa punda wa jirani hulia usiku. Binti alitaka tujibu kwamba mji wetu una utulivu wa kihistoria. Nikamwambia ajibu kwamba hulia, mara mbili, na ya pili ni kabla kidogo ya adhana ya Alfajiri. Wanakuja Ijumaa.