Mazimwi ya Mfukoni

Katika ngano za Waswahili zimwi ni kitu cha kuogopwa. Hukaa porini, hunusa harufu ya mgeni, hula watu, na mtoto asiyetaka kulala hutishwa nalo. Wajapani wao wamelifanya zimwi dogo hata likaenea mfukoni mwa suruali, wakalipaka mashavu rangi nyekundu, wakalipa sauti nyororo, kisha wakaliuza dunia nzima. Jina lake la ukoo ni Pokémon, ufupisho wa maneno yenye maana hiyo hiyo ya mazimwi ya mfukoni. Tangu mwaka 1996 yamezaliana hata aina zake zimepita 1,000, na waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima wenye ndevu, kodi ya nyumba na watoto wao wenyewe, nao wangali wakiyafukuza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la Kijapani halili mtu hata kidogo. Hula mshahara wake.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mchezaji hutembea katika nchi ya kubuniwa, huingia majanini, hukutana na mnyama wa ajabu, humdhoofisha kwa kumpiganisha na mnyama wake mwenyewe, kisha humrushia mpira mdogo na kumfungia humo. Akiisha kumpata mmoja humtafuta wa pili. Asikiaye maelezo haya kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza, "Kisha?" Hakuna kisha. Atamtafuta wa tatu.

Aliyeubuni anaitwa Satoshi Tajiri, na msomaji asidanganywe na jina hilo: ni jina la ukoo la Kijapani, si sifa, ingawa mambo yalivyokwenda lingeweza kuwa sifa. Alizaliwa mwaka 1965, akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, siku ambazo mahali hapo palikuwa pangali na mashamba ya mpunga, miti na vidimbwi. Alikuwa mkusanyaji wa wadudu, tena kwa bidii kubwa hata wenzake wakamwita daktari wa wadudu. Kisha mji ukapanuka. Miti ikakatwa, vidimbwi vikafukiwa, na mahali palipokuwa na bwawa la kuvulia samaki pakajengwa ukumbi wa michezo ya elektroniki. Kijana aliyepoteza bwawa akaingia ukumbini.

Mwaka 1983 alianza kutoa gazeti lake la michezo hiyo, liitwalo Game Freak, limeandikwa kwa mkono na kurasa zake zimebanwa kwa pini, na rafiki yake Ken Sugimori akawa mchoraji. Mwaka 1989 gazeti likageuka kampuni. Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ilitoa kidude cha kuchezea mkononi, Game Boy, ambacho kingeweza kuunganishwa na kingine kwa waya. Wengi walioutazama waya ule waliona njia ya kushindana. Tajiri aliona mdudu akitambaa juu yake, akitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenziwe.

Kazi hiyo iliichukua kampuni changa miaka sita na karibu iifilisi. Hatimaye, tarehe 27 Februari 1996, mchezo ulitoka kwa namna mbili, mwekundu na wa kijani, na hapa ndipo ulipokuwa ujanja wake. Kila mmoja ulikosa baadhi ya wanyama waliomo katika mwingine. Mwenye mwekundu hata akikesha mwaka mzima hawezi kuwapata wote; hana budi kumwendea mwenye wa kijani, kama vile mwenye chumvi amwendeavyo mwenye kiberiti. Wako hata wanyama ambao hawapevuki mpaka wakabidhiwe mtu mwingine. Mwenye inda atasema kwamba wafanyabiashara walitaka nyumba moja inunue michezo miwili, na hakosi kuwa na hoja. Lakini jambo lenyewe ni kwamba mchezo huu uliundwa kwa makusudi usimalizike mikononi mwa mtu mmoja, na karibu vituko vyote vya washabiki wake tangu siku ile vimetokana na kutaka kuumaliza peke yao.

Kituko cha kwanza kilihusu mnyama aitwaye Mew. Siku za mwisho za kazi, vifaa vya kupimia makosa vilipokwisha kuondolewa, ilibaki nafasi ndogo mno katika kumbukumbu ya mchezo, na fundi mmoja, Shigeki Morimoto, akamwingiza humo mnyama wa 151 kwa mzaha. Haikukusudiwa mtu ampate. Siri ikavuja, na gazeti la watoto CoroCoro likatangaza mwaka 1996 kwamba wasomaji 20 wangegawiwa Mew. Walioomba walizidi 78,000. Mchezo ulipofika Marekani mwaka 1998, na baadaye Ulaya, watoto wa huko waliaminishana kwamba Mew amefichwa chini ya lori lililoegeshwa karibu na gati la meli. Lori hilo limo kweli, nalo halina kazi yoyote wala halisogei. Maelfu ya watoto walilisukuma. Hakuna aliyefaulu, lakini kila mmoja alikuwa na binamu wa rafiki yake aliyefaulu.

Wanyama wenyewe hawakuumbwa sawa. Yuko Charizard, joka litemalo moto, ambaye kila mtoto humtaka. Yuko Snorlax, pande la mnyama ambalo kazi yake ya kwanza katika mchezo ni kulala katikati ya njia na kuwazuia wapitaji. Yuko pia Magikarp, samaki ambaye silaha yake ni kurukaruka pasipo kumdhuru yeyote. Anayemvumilia mpaka daraja la 20 humwona akigeuka joka kuu la majini lenye ghadhabu, habari ambayo wazazi wa watoto wavivu wangependa sana kuiamini. Kadiri miaka ilivyopita wabunifu walitoka msituni wakaingia nyumbani. Mwaka 2010 ulitokea mfuko wa takataka wenye macho, na pamoja nao aiskrimu inayotabasamu. Mwaka 2013 kikaja kishada cha funguo. Mama mwenye nyumba akiitazama orodha hiyo atagundua kuwa amewafuga wote hao miaka mingi bila kumrushia mpira hata mmoja.

Washabiki wakongwe hulalamika kwamba wanyama wa mwaka 1996 ndio waliokuwa na heshima. Hawapendi kukumbushwa kwamba miongoni mwa waheshimiwa hao lilikuwamo rojo la uchafu lenye mikono, na fuko mmoja achunguliaye kutoka ardhini ambaye akipevuka huwa fuko watatu. Ulikuwamo pia mpira wenye macho, Voltorb, ambao baada ya jasho lote la malezi huwa mpira ule ule uliopinduliwa juu chini.

Mkubwa wao kwa umaarufu ni Pikachu. Msikilizaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo hudhani ni amri ya jikoni iliyokatizwa. La, kwa Wajapani pika ni neno la kumeta kwa cheche, na chu ni mlio wa panya, naye ni panya wa manjano mwenye umeme mashavuni. Huyu ana jambo moja katika historia yake ambalo washabiki hawamsamehi. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, filamu ya mfululizo ya televisheni iliyotokana na mchezo huu ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipokezana kwa kasi kubwa, na watu 685, wengi wao watoto, wakakimbizwa hospitali kwa degedege, kizunguzungu na kichefuchefu. Halikuwa jambo la kuchekesha, na vipindi vilisimamishwa kwa miezi minne. Cha kuchekesha ni hukumu iliyofuata. Mwanga ule ulitokana na umeme wa Pikachu. Mgeni wa siku hiyo, Porygon, alikuwapo tu. Pikachu akarudi, akawa nembo, akachorwa hata ubavuni mwa ndege za abiria. Porygon hakupewa tena sehemu ya maana katika filamu hiyo, na washabiki hawajachoka kumtetea.

Katika filamu hiyo hiyo mna kijana ambaye nje ya Japani huitwa Ash. Alitimiza miaka 10 katika kipindi cha kwanza, Aprili 1997, akaaga nyumbani kwenda kutafuta ubingwa. Akaupata ubingwa wa dunia Novemba 2022, akiwa na miaka 10. Waliomtazama wakiwa na umri wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, wengine kuachana, naye mama yake alikuwa bado humkumbusha kubadilisha nguo za ndani. Siku ile ya ubingwa watu wazima walilia machozi waziwazi, na mtu asiyejua kisa angedhani timu ya taifa imeshinda.

Julai 2016 mazimwi yakatoka mfukoni yakaingia mitaani. Mchezo mpya, Pokémon Go, uliwaweka wanyama katika ramani ya dunia halisi, ili anayemtaka aende kwa miguu yake akamtafute huku akiangalia simu. Hapo ndipo ulimwengu ulipojua idadi yao. Jumba la makumbusho la maangamizi ya Wayahudi mjini Washington lililazimika kuwaomba wageni wasiwinde humo. Nchini Bosnia, washughulikiao mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita waliwaonya wachezaji wasikanyage mashamba yenye alama za hatari. Huko California wanaume wawili walianguka kutoka kwenye genge la pwani, wakaokolewa wakiwa hai. Na katika mji wa Los Angeles, Aprili 2017, askari polisi wawili walipuuza wito wa kwenda kwenye tukio la unyang'anyi katika duka kubwa, kwa sababu walikuwa wakimfukuza Snorlax. Yule yule ambaye shughuli yake kuu ni usingizi. Chombo cha kunasa sauti garini mwao kiliyahifadhi mazungumzo yote. Walifukuzwa kazi, na Januari 2022 mahakama ya rufani ikakubali kwamba walistahili. Snorlax walikuwa wamempata.

Hasira nazo zimo, tena si haba. Juni 2019 Junichi Masuda, mmoja wa wakuu wa michezo hii, alitangaza kwamba katika toleo jipya wanyama wengine wa zamani wasingeweza kuhamishiwa humo, kwa kuwa walikuwa wamekuwa wengi mno. Kwa mtu wa nje hiyo ni habari ya ghala lililojaa. Kwa washabiki ilikuwa msiba. Tangu miaka ya tisini biashara yenyewe ilikuwa ikiwaambia lazima wawakamate wote, na sasa wanaambiwa baadhi ya wote hawana mahali pa kukaa. Wako waliokuwa wamewahamisha wanyama wao kutoka kidude hadi kidude kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, kama familia inayohama na sanduku la bibi. Wakalipa tangazo lile jina lililofuata mfano wa Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wakaapa kutonunua. Mchezo ulipotoka Novemba, nakala zaidi ya milioni 6 zilinunuliwa mwisho wa juma la kwanza.

Kadi zake ndizo zinazosikitisha. Zilianza Japani mwaka 1996, karatasi za kuchezewa na kubadilishwa uwanjani wakati wa mapumziko, na walimu wa nchi kadhaa walizipiga marufuku kwa sababu ya ugomvi na vilio. Leo vilio vimehamia kwa wakubwa. Mtu mzima hununua kadi, huipeleka ikakaguliwe na kupewa alama, hufungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu, kisha huwekwa kabatini. Haichezwi wala haibadilishwi. Hungojewa ipande bei. Mei 2021 maduka ya Target nchini Marekani yalisimamisha kuziuza baada ya wanaume kupigana kwenye maegesho ya magari katika jimbo la Wisconsin na mmoja wao kutoa bastola. Mwaka huo huo Logan Paul, mtumbuizaji wa intaneti wa Marekani, alilipa dola milioni 3.5 kwa shehena ya kadi za kwanza iliyokuwa bado haijafunguliwa. Alipoifungua, Januari 2022, akakuta kadi za wanasesere wa kijeshi. Katika miezi hiyo yote, mtoto wa miaka minane aliyeingia dukani na fedha zake za sikukuu alikuta rafu tupu, na yule aliyemtangulia kuimaliza alikuwa na umri wa baba yake.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba ukubwa ndio unaouharibu mchezo huu, kama asingekuwapo mzee mmoja wa New Taipei, kisiwani Taiwan. Alifundishwa Pokémon Go na mjukuu wake mwaka 2016. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 70, alijulikana duniani kwa kupita mitaani na baiskeli iliyofungwa simu 11 kwenye usukani. Miaka michache baadaye simu zikapita 60, zimetandazwa mbele yake kama mkia wa tausi, hata ni shida kujua njia anaionea wapi. Katika mchezo huo yako mapambano yahitajiyo wachezaji wengi pamoja, na baiskeli yake ikisimama tu, wachezaji huwa wamekwisha kutimia. Kwa hesabu huyo ni mtu asiyemhitaji jirani hata mmoja. Lakini waandishi wa habari walipomwuliza anapata nini katika taabu yote hiyo, alisema humsaidia kujikinga na maradhi ya kusahau, na humpatia marafiki.